Shingo ya Mama Yangu na Shingo Yangu

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa mkutano wa akina mama, Njombe

Kamwene! Kamwene, mama zangu. Wazee wangu mlioketi huku mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya tezi ya shingo. Nitazungumzia shingo mbili. Ya kwanza ni ya marehemu mama yangu, na ya pili ni hii yangu mnayoiona. Kwa miaka mingi watu wa nyumbani kwetu, nami muuguzi nikiwemo, tulidhani shingo hizi mbili zina ugonjwa mmoja. Kosa hilo lilinigharimu karibu miaka 2 ya maisha yangu, na ninajua kuna wanawake humu ndani linaendelea kuwagharimu.

Mama alizaliwa Makete, akaolewa hukohuko, akazaa watoto 7. Alikuwa na rovu. Wenye umri wangu mnakumbuka marovu ya siku zile, hayakuwa uvimbe wa kutafuta kwa vidole. Lake lilikuwa kubwa kama chungwa, na mama alifunga khanga shingoni hata jua la Oktoba likiwaka. Shangazi zangu 2 walikuwa nalo. Darasani tulijua ni nani shingo yake imeanza kujaa. Wengine walisema ni maji ya mto, wengine wakasema ni laana ya ukoo, na kwa kuwa mama, shangazi na binti wa nyumba moja wote walikuwa nalo, habari ya ukoo ilionekana kuwa na ushahidi wa macho.

Haikuwa ukoo, ilikuwa ardhi. Mvua za milimani kwetu zimeuosha udongo tangu enzi na enzi, na madini joto, yale ambayo majirani zetu Wakenya huyaita iodini, yakaondoka na maji kwenda baharini. Mahindi ya hapo, viazi vya hapo, hata maziwa ya ng'ombe aliyekula nyasi za hapo, vyote vinatoka vikiwa na upungufu uleule. Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini joto. Ubongo ukiona homoni imepungua, unatuma mjumbe wake, homoni nyingine iitwayo TSH, kuiamrisha tezi iongeze kazi. Tezi inatii, inakua na kukua. Ni kama mpishi anayeongeza mafiga jikoni wakati kilichokosekana ni unga.

Na kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ukikusanya madini joto yote ambayo mtu anahitaji tangu kuzaliwa hadi uzee, hayajazi kijiko cha chai. Kwa kukosa kijiko hicho, milima hii ilipoteza mimba na kuzaa watoto waliochelewa kusema, wengine viziwi, wengine wasioweza kujifunza darasani. Nawataja kwa heshima, kwa sababu baadhi yao ni ndugu zetu na tuliwacheka tulipokuwa wadogo.

Miaka ya 1980 vikaja vidonge vya mafuta yenye madini joto kwa wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Mwanzoni, miongoni mwa watoto wa shule waliopimwa nchini, karibu robo walikuwa na uvimbe wa tezi. Mwaka 2004 walibaki takriban 7 katika kila 100. Wajukuu wa mama yangu hakuna hata mmoja mwenye rovu la aina ile. Ninaposikia mtu akiidharau chumvi ya pakiti na kuisifu ya mawe isiyotiwa kitu, moyo unaniuma, maana nimeona kwa macho yangu ilivyokuwa kabla yake.

Basi, nije kwenye shingo yangu.

Mwaka 2000 nilikuwa na miaka 38. Nilianza kuchoka kwa namna nisiyoweza kuieleza. Siyo uchovu wa zamu ya usiku, huo naujua. Huu ulikuwa uchovu wa kuamka asubuhi ukiwa umeshachoka. Baridi ilinishika hata niliposhuka kwenye joto. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti ikakwaruza, choo kikawa kigumu, hedhi ikawa nzito, na uzito ukapanda ilhali chakula nakiacha sahanini. Kituo kimoja kilisema ni upungufu wa damu, kingine kikasema ni mawazo. Jirani alisema nimetupiwa kitu. Kisha shingo ikaanza kujaa kidogo, na mimi mwenyewe, muuguzi, nikajipa jibu: ni rovu la mama limerudi. Nikatafuta matone ya madini joto kwa mtu aliyekuwa akiyauza, nikayanywa kila siku kwa miezi. Nilizidi kudidimia.

Nilipopelekwa Dar es Salaam na damu ikapimwa, TSH ilikuwa juu mara nyingi kuliko kawaida, maana yake ubongo ulikuwa unapiga kelele na tezi haiitikii. Daktari akaagiza kipimo kingine, cha kingamwili. Zilikuwa tele. Akaniambia sentensi ambayo sijaisahau: "Sista, tezi yako haijakosa chakula. Inapigwa, na anayeipiga ni mwili wako mwenyewe."

Naomba hapa mnisikilize kwa makini, ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Mnajua sungusungu. Kijiji kinaweka vijana wa kulinda usiku, wanakamata wezi, tunalala salama. Mwili nao una sungusungu wake, chembe nyeupe za damu, na kingamwili ndizo silaha zake. Kazi yao ni kupambana na wadudu wa magonjwa. Lakini siku moja sungusungu wanaweza kumkosea mtu: wanavunja mlango wa mwanakijiji mwema, wanampiga wakisema ni mgeni. Katika ugonjwa wangu nyumba inayovunjwa ni tezi ya shingo. Inavunjwa taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka haina nguvu ya kutengeneza homoni.

Ugonjwa huu unaitwa Hashimoto, jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto. Mwaka 1912, akiwa kijana wa miaka 31 pale Fukuoka, alichunguza tezi zilizotolewa kwa upasuaji kutoka kwa wanawake 4. Kwenye darubini akakuta zimejaa chembe nyeupe za damu, mahali ambapo hazikupaswa kujazana. Aliandika alichokiona, kisha akarudi kijijini kwao kutibu watu, akafariki mwaka 1934 kwa homa ya matumbo. Hakujua kwa nini chembe zile zilikuwepo. Ni mwaka 1956 ndipo madaktari wa London walipogundua kwamba wagonjwa wa namna hii wana kingamwili zinazoshambulia tezi yao wenyewe. Ninampenda sana yule kijana wa Fukuoka. Aliandika alichokiona bila kuongeza asichokijua.

Sasa swali mnaloniuliza kila ninapokwenda: je, ni ugonjwa wa ukoo?

Kwa shingo ya mama jibu lilikuwa hapana, ingawa ulionekana hivyo. Kwa shingo yangu jibu ni ndiyo, lakini ndiyo yenye mipaka. Hakuna kinasaba kimoja kiitwacho Hashimoto ambacho mama anakupa na ugonjwa unaanza. Vipo vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo. Vya kundi la HLA kazi yake ni kama meza ya ukaguzi: huonyesha vipande vya vitu kwa sungusungu, huyu wetu, huyu mgeni. Baadhi ya watu wana meza inayoonyesha vipande vya tezi kwa namna inayowachanganya walinzi. Kipo kingine, CTLA4, ambacho kazi yake ni kuwaambia walinzi inatosha, rudini nyumbani. Kikiwa dhaifu, walinzi hawarudi. Na vipo vinavyohusu tezi yenyewe.

Wadenmark wana daftari la taifa la mapacha, na wamelitumia kupima jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Walitazama mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile. Pale ambapo mmoja tezi yake ililegea kwa ugonjwa wa namna ya Hashimoto, mwenzake naye aliugua katika jozi 55 kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana hawakupata hata jozi moja. Ziangalieni namba hizo pande zote mbili. Damu ina nguvu kubwa, hilo halipingiki. Lakini watu wenye vinasaba vilevile kabisa, waliolala tumbo moja, na bado karibu nusu ya jozi mwenzake amebaki mzima! Kuna kitu kingine kinachoamua.

Kimoja ni uanamke. Ugonjwa huu unatushika sisi mara nyingi kuliko wanaume, na mara nyingi unajitokeza baada ya kujifungua, wakati kinga iliyotulizwa na ujauzito inaporejea kwa nguvu. Binti aliyejifungua miezi michache iliyopita, anachoka, analia, nywele zinamwagika, msimwambie tu ni ulezi wa mtoto. Mpelekeni akapimwe.

Binti yangu mwenyewe nilimwona. Mwaka 2016 alikuja likizo amekonda, anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio amekaa, macho yametoka kidogo. Kila kitu kinyume changu. Kwake sungusungu hawavunji nyumba. Wanapeleka barua ya kughushi: kingamwili zake zinajifanya TSH, zinaiamrisha tezi izalishe bila kupumzika. Huo unaitwa Graves, jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Mama Hashimoto, binti Graves, ukoo mmoja. Tunachorithisha ni wepesi wa walinzi kukosea, siyo ugonjwa wenyewe, ndiyo maana ndani ya nyumba moja unaweza kutoka kwa sura mbili zinazopingana. Ingekuwa mimi sijui, ningempa binti yangu vidonge vyangu, na ningeweza kumuua.

Kitu kingine kinachoamua ni chakula, na hapa ndipo maneno mengi yanauzwa.

Naanza na madini joto yenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyonidanganya. Kwa mama yalikuwa tiba. Kwangu, kunywa matone kila siku juu ya chumvi iliyokwisha kutiwa, yalikuwa kama kumwaga mafuta ya taa kwenye moto. Madini joto yakizidi, protini kubwa ya ndani ya tezi inabeba mengi kupita kawaida, nayo inakuwa rahisi zaidi kwa walinzi kuiona ngeni. Wachina walilinganisha maeneo matatu yenye viwango tofauti vya madini joto, wakafuatilia watu kwa miaka 5, na mwaka 2006 wakachapisha waliyoyaona: mahali penye ziada, tezi kulegea na kushambuliwa na kinga vilikuwa vingi zaidi. Denmark ilipoanza kutia madini kwenye chumvi, ilitia kwa tahadhari kubwa, na hata hivyo waliolegea tezi waliongezeka kiasi.

Naomba mtu yeyote asitoke humu akasema nesi amekataza chumvi! Sijakataza. Kukosa madini joto kunaharibu ubongo wa mtoto tumboni, na uharibifu huo haurudi nyuma. Chumvi yenye madini joto, kwa kiasi cha kawaida cha mboga, iendelee katika kila nyumba, hata nyumba ya mwenye Hashimoto. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi na unyevu, siyo kwenye kikapu wazi juu ya mafiga kama tulivyozoea, maana madini yanapotea. Ninachokataza ni matone, vidonge na unga wa kuongeza juu yake bila kipimo.

Na hapa niseme neno juu ya mwani. Ndugu zetu wa Zanzibar, wengi wao akina mama, wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni kazi ya heshima kubwa, kusimama majini na kuinama saa baada ya saa. Mwani ule kwa sehemu kubwa ulikuwa unasafirishwa nje. Watafiti walipokwenda visiwani, Pemba walikuta watoto wenye upungufu wa madini joto, wamezungukwa na bahari pande zote, kwa sababu chumvi waliyoila ilikuwa ya hapohapo, haijatiwa kitu. Kwa hiyo kuishi karibu na bahari peke yake hakumkingi mtu. Lakini siku hizi unga wa mwani unauzwa hadi huku kwetu kama dawa ya tezi. Kiasi cha madini joto ndani yake hubadilika sana kutoka aina hadi aina, na pakiti haikuambii. Mwenye shingo kama yangu asiuguse.

Seleni ndiyo inayofuata. Tezi ina seleni nyingi kwa uzito wake kuliko kiungo kingine chochote mwilini, inaitumia kujikinga na ukali wa kemikali zinazotumika kutengeneza homoni. Mwaka 2002 Wajerumani walitoa mikrogramu 200 kwa siku kwa wagonjwa wa Hashimoto, na kingamwili zikashuka. Wengi tulifurahi. Lakini Wadenmark walipojaribu kwa zaidi ya watu 400 kwa mwaka mzima, wagonjwa hawakujisikia vizuri zaidi ya wale waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa. Karatasi ya maabara ilipendeza kidogo, mtu akabaki vilevile. Kwa ugonjwa wa macho unaoletwa na Graves, ule usio mkali, hapo ndipo seleni ya miezi 6 ilionyesha kusaidia.

Kuna habari ya Kongo ambayo natamani kila muuza virutubisho angeijua. Karawa, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, watu walikosa madini joto na seleni kwa pamoja, na walikula mihogo isiyoondolewa sumu vizuri, ambayo huizuia tezi kuchukua hata kile kidogo ilichopata. Watafiti wakawapa seleni kwanza, kwa nia njema kabisa. Baada ya miezi 2 homoni ya tezi ilishuka, na wale ambao tezi zao zilikuwa dhaifu tangu utotoni wakawa wabaya zaidi. Seleni iliharakisha matumizi ya homoni ambayo mwili haukuwa na madini ya kuitengeneza upya. Kitu chema, kwa mpangilio mbaya, kikaumiza. Kuleni dagaa, samaki, mayai na maini mnapoweza, seleni imo. Makopo ya seleni yaacheni mpaka daktari aseme.

Kabichi, najua mnalima na mnaogopa. Hofu hii ina chanzo: mwaka 1928 huko Baltimore sungura waliolishwa kabichi siku nenda siku rudi waliota rovu. Lakini wewe siyo sungura wa maabara. Kabichi iliyopikwa, pamoja na chumvi yenye madini joto, haikudhuru. Na habari za gluteni mnazoziona kwenye simu, ni za watu wenye ugonjwa wa utumbo usiovumilia ngano, ambao kweli huambatana na wetu kwa baadhi ya watu, maana wanashiriki vinasaba vya meza ileile ya ukaguzi. Ugali wa mahindi, viazi na ndizi havina gluteni. Nimeumia sana kuona mama anauza kuku ili anunue unga wa bei mbaya kutoka nje, eti asile ngano, wakati mezani kwake ngano ni chapati ya Krismasi.

Basi nini kinanisimamisha hapa mbele yenu nikiwa na nguvu? Kidonge kimoja kidogo kila alfajiri. Kinaitwa levothairoksini, nacho ni homoni ileile ambayo tezi yangu imeshindwa kuitengeneza. Mwaka 1891, Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mama mmoja wa miaka 46 kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule alikuwa amevimba uso, hawezi hata kusema vizuri. Akaishi miaka 28 zaidi, akatumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Ninapomeza changu huwa namkumbuka.

Lakini kidonge kina masharti, na wengi wanaoniambia "dawa haifanyi kazi" masharti hawakupewa. Kinywe kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, usubiri angalau nusu saa kabla ya chai, hasa chai ya maziwa. Vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki, na vile vya kalsiamu, viwe mbali nacho kwa muda wa saa 4, kwani vinakikamata tumboni kisiingie. Ukishika mimba, usikiache. Rudi kliniki upesi, huenda kipimo cha dawa kikahitaji kuongezwa. Na mabinti mnaomeza vidonge vya kukuza nywele, ndani yake mna biotini nyingi inayoweza kupotosha majibu ya maabara. Mwambieni daktari, muviache siku kadhaa kabla ya kutolewa damu.

Mama alifariki mwaka 2009. Rovu lake halikuwahi kuisha, maana lilikuwa limekomaa kabla vidonge havijafika, lakini mtoto wake wa mwisho alizaliwa baada ya vile vidonge na alikuwa wa kwanza kwetu kumaliza kidato cha sita. Mama alipokuwa mgonjwa aliniuliza mara moja kwa nini mimi nina dawa ya shingo na yeye hakupewa. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, habari ya ardhi na habari ya sungusungu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe siyo mimi niliyekupa." Alikuwa amebeba hilo kwa miaka 9 bila kulisema.

Wauguzi wako pale mlangoni na vioo vidogo na vikombe vya maji. Utainua kidevu, utameza funda moja, nao wataangalia shingo yako inavyopanda na kushuka. Wenye mama, dada au binti aliyewahi kutibiwa tezi, semeni kwanza, mtaandikiwa barua ya kupima damu. Na sasa maswali. Naanza na yule mama wa nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipoitaja kabichi.